Ramani ya Madawati

Katika majuma ya mazoezi ya kufundisha sisi wakufunzi huketi nyuma ya darasa, daftari mkononi, tukimpima mwanachuo. Hutazama andalio la somo, zana, maandishi ya ubaoni na namna ya kuuliza maswali. Jambo moja hatukuwa tukilitazama: maswali hayo yanamwendea nani?

Tulilitambua katika shule moja ya msingi huko Pugu. Wakati wa mapumziko mwanachuo mmoja, kijana hodari aliyetoka bara, alitueleza kwamba darasa lake ni zito. “Wengi ni Wazaramo,” alisema. “Watu wa Pwani hawapendi shule, wanapenda ngoma.” Alisema bila chuki yo yote, kama mtu anayetaja kwamba vilima vya Pugu vina udongo mweupe. Nasi, yatupasa tukiri, hatukumkanusha.

Siku ya pili tulifundisha somo la mfano sisi wenyewe, tukamwomba achore ramani ya madawati na kutia alama kwa kila mtoto tuliyemwuliza. Darasani walikuwamo watoto zaidi ya 60. Alama zote ziliwaangukia watoto tisa, karibu wote wa safu ya mbele, wenye viatu na soksi safi. Binti mmoja aliyechelewa kwa sababu ya kuteka maji hakuulizwa hata neno moja. Hatukujua habari za maji hayo hadi baadaye. Tulikuwa tumekwisha kumhesabu moyoni kuwa mzembe.

Basi katika kikao cha jioni tuliiandika ubaoni sentensi ya mwanachuo wetu, bila kumtaja, tukawauliza wenzake: sentensi hii ilianza kuwa kweli lini?

Swali hili twalipendekeza kwa walimu wote, kwa sababu hulazimisha dhana ijieleze. Zamani kabla ya wakoloni watoto wengi wa Pwani walisoma vyuoni, na wazee waliandikiana barua kwa hati za Kiarabu. Wajerumani walipotaka makarani na walimu, waliwatafuta kwanza Pwani. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza katika miaka ya 1890, ilitoa vijana waliopelekwa hata bara kufanya kazi hizo. Siku hizo aliyedharauliwa alikuwa mtu wa bara, naye aliitwa mshenzi.

Chini ya Waingereza mambo yaligeuka. Sehemu kubwa ya elimu ya Waafrika ilikuwa mikononi mwa misheni, na misheni zilikuwa na shule nyingi Kilimanjaro na Bukoba, ambako kahawa nayo iliwapa wazazi ada. Wazazi wengi Waislamu wa Uzaramo waliogopa mtoto kwenda shule na jina moja na kurudi na jina jingine. Pugu yenyewe ilikuwa na shule mashuhuri ya Wakatoliki, St. Francis, lakini kusimama shule katika nchi ya Wazaramo hakukumaanisha kwamba mlango wake ulikuwa karibu na nyumba zao. Serikali ilipozichukua shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969, nafuu ya miaka mingi ilikuwa imekwisha kukaa katika familia fulani.

Hapo kijana wetu alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba babu yake alikuwa na mibuni, na misheni ilikuwa ng'ambo ya mto tu. Mwanachuo mwingine, mzaliwa wa Kisarawe, akacheka: kwao watu wa bara huitwa “wakuja”, na mtoto hukatazwa kuiga adabu zao. Wote wawili walitakiwa kuandika yale waliyoyasikia nyumbani, kila mmoja juu ya kabila la mwenzake. Kazi hii ifanywe na watu wazima. Kuifanya na watoto ni kuwafundisha matusi wasiyoyajua.

Na kuna jambo linalotushangaza kila siku. Tunafundisha kwa Kiswahili na kukisifu, lakini mtu mwenye maneno ya hila tunasema “ana Uswahili mwingi”, na mtoto mwenye kelele tunasema ametoka Uswahilini. Neno hili la mwisho tulirithi kutoka mji uliogawanywa na wakoloni: Uzunguni, Uhindini, na kwingine kote.

Tukakumbushana pia kwamba Julius Nyerere alifundisha historia Pugu tangu 1953 hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Alikuwa na shahada ya Edinburgh. Lakini chama alichokiongoza kilipata nguvu kwa Waswahili wa mjini, akiwamo Bibi Titi Mohamed, ambaye elimu yake ilikuwa ya msingi tu. Mwalimu angewapima kwa vyeti, angerudi Pugu peke yake.

Tangu hapo ramani ya madawati imekuwa sehemu ya upimaji wetu. Mchoraji awe mwanachuo mwenzake wala si mkufunzi, na alama zihesabiwe siku hiyo hiyo, kabla udhuru haujatungwa. Juma la tatu kijana wetu alileta ramani ya somo lake la hesabu. Yule binti aliulizwa mara mbili. Mara ya kwanza alinyamaza, mara ya pili alieleza pipa la nyumbani kwao hujazwa kwa ndoo ngapi. Lakini dawati la mbele, upande wa mlango, halikuwa na alama hata moja. Tulimrudishia ramani, tukamwuliza habari za watoto wale watatu.