SOMO: SWICHI YA KIKUNDI, FUNGUO ZA KIKUNDI



Siku hizi vikundi vingi vina chumba cha kompyuta. Wanachama wamechanga pesa, wameleta stima, wamenunua mashine. Katikati ya vyombo hivyo kuna kisanduku chenye matundu ya waya, pengine manane au ishirini na manne, na vitaa vidogo vinavyowaka na kuzima. Kinaitwa swichi. Si ile swichi ya taa iliyo ukutani! Kazi yake ni kuunganisha kompyuta zote pamoja, na printa, na ile ruta inayoleta intaneti.

Swichi ni za aina mbili. Ya kwanza unaingiza waya tu, basi, inafanya kazi. Ya pili ni swichi inayosimamiwa. Hii unaweza kuiamuru: ufunge tundu fulani, au utenganishe kompyuta za ofisi na za wageni. Somo letu ni juu ya hii ya pili.

Kwa nini tujisumbue?

Vyombo vingi vya mtandao hutoka kiwandani vikiwa na neno la siri linalojulikana na kila mtu, kama vile "admin". Mwaka 2016 programu ya uharibifu iitwayo Mirai iliingia katika kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vyombo hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kubwa hazikupatikana kwa saa kadhaa. Wenye vyombo wengi hawakujua lolote.

Hatari ya pili iko hapa nyumbani. Fundi kijana anapanga swichi, neno la siri analijua yeye peke yake, kisha anapata kazi mjini. Kikundi kinabaki na mali kisichoweza kuifungua. Je, pesa za kikundi zilizo benki mngeziacha kwa sahihi ya mtu mmoja? Basi na swichi ni vivyo hivyo.

Hebu tuanze kazi

Fanyeni watu wawili au watatu pamoja, mmoja akiandika katika daftari.

1. Kuingia. Unganisheni laptopu na swichi kwa waya, kabla ya kuunganisha ruta. Tazameni kibandiko kilicho chini ya swichi au kitabu chake, mpate anwani yake ya kiwandani. Tuseme ni 192.168.0.1. Ipeni laptopu anwani ya jirani, kama 192.168.0.10, na namba ya mpaka 255.255.255.0. Fungueni brauza, andikeni anwani ya swichi, na ukurasa wake utatokea.

2. Jina. Ipeni swichi jina linaloonyesha mahali ilipo, kwa mfano "ofisi-1". Mkiwa na swichi tatu zenye jina moja, siku ya shida mtahangaika.

3. Neno la siri. Ondoeni la kiwandani mara moja. Wekeni refu, maneno manne yasiyohusiana pamoja na namba. Jina la kijiji halifai, wala namba ya simu ya mwenyekiti. Kama swichi ina njia ya Telneti, ifungeni, maana hupitisha neno la siri wazi bila kulificha. Tumieni SSH au HTTPS.

4. Anwani. Kama ruta yenu ni 192.168.1.1, swichi inaweza kuwa 192.168.1.2, ilimradi namba hiyo haimo kati ya zile ruta inazogawia kompyuta. Pale panapoulizwa njia ya kutokea, andikeni anwani ya ruta. Mkishabadilisha, ukurasa utapotea. Msishtuke! Badilisheni na ya laptopu iwe 192.168.1.10, kisha mwite swichi kwa anwani yake mpya.

5. Saa. Swichi huandika kumbukumbu ya mambo yanayotokea, lakini nyingi husahau saa stima ikipotea, zikarudi mwaka wa zamani. Sasa unganisheni ruta, na mwambie swichi ichukue saa kutoka intaneti kwa njia iitwayo NTP. Saa za Kenya ni UTC+3. Kumbukeni swichi huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hivyo saa nne asubuhi yetu itaandikwa 10:00. Ikionyesha 07:00, hamjaweka ile +3.

6. Kuhifadhi. Hapa wengi huanguka. Swichi nyingi zina kumbukumbu mbili: ya kazi, ambayo hufutika stima ikikatika, na ya kudumu. Tafuteni mahali pa kuhifadhi na mbonyeze. Halafu pimeni: zimeni swichi, ngojeni kidogo, iwasheni. Jina likiwa bado "ofisi-1", mmefaulu. Pia nakilini mipangilio yote katika faili, mweke mbali na chumba hicho.

Funguo zikae wapi?

Andikeni anwani na neno la siri katika karatasi, mtie ndani ya bahasha, ifungwe mbele ya kamati na sahihi zipite juu ya gundi. Mweka hazina aitunze pamoja na vitabu vya kikundi. Ikifunguliwa, iandikwe ni nani na kwa sababu gani. Fundi au afisa akiondoka, neno libadilishwe siku hiyo hiyo, bila kumshuku mtu.

Swichi yenyewe ikae ndani ya kabati lenye kufuli na matundu ya hewa. Nyingi zina kitobo kidogo. Mtu akikibonyeza kwa pini kwa sekunde chache, kila mlichopanga kinafutika na "admin" inarudi.

Maswali ya kujadiliana

1. Leo hii, ni nani katika kikundi chetu anayejua neno la siri la swichi? Akiwa safarini tutafanyaje?
2. Stima ikipotea usiku huu, mipangilio yetu itakuwepo kesho?
3. Ni vijana gani wawili, mvulana na msichana, tutakaowafundisha kazi hii mwezi huu?

Msiache swali la kwanza bila jibu. Jibu likiwa ni jina la mtu mmoja tu, anzeni na ile bahasha.