Namba Imo, Akaunti Imo, Lakini Si za Mtu Mmoja: Uhakiki wa Malipo kwa Makarani wa Vyama vya Ushirika

Malalamiko ya wakulima ambao fedha zao zimeingia kwenye akaunti za watu wengine yana sura moja: karani alihakiki, orodha ikapita, na bado malipo yakapotea njia. Kisingizio cha kompyuta hatukipokei tena. Kompyuta ilijibu sawasawa ilichoulizwa. Karani aliuliza kama namba ya NIDA imo daftarini, akajibiwa imo; akauliza kama akaunti imo, akajibiwa imo. Hakuuliza kama zimo kwenye mstari mmoja. Daftari la wanachama 500, kila mmoja na akaunti yake, lina jozi halali 500 tu, lakini anayekagua safu mojamoja atapitisha jozi 250,000.

Zipo fomula za kuuliza yote mawili kwa pamoja, na inayojulikana zaidi ni COUNTIFS, iliyoingia Excel tangu toleo la 2007. Kwa namba fupi, kama ya uanachama, inafaa. Kwa NIDA tunaikataza. Namba hiyo ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu za namba. Hata ukiiandika kama maandishi, COUNTIFS huigeuza kuwa namba, na wanachama wawili wanaolingana tarakimu 15 za mwanzo huhesabiwa kuwa mtu mmoja. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo kulingana huko si jambo la ajabu. Ikiwa daftari lina NIDA safu A na akaunti safu B, na orodha ya malipo iko E na F, zote zikiwa zimehifadhiwa kama maandishi, andika hivi:

=SUMPRODUCT((A$2:A$501=E2)*(B$2:B$501=F2))

Jibu likiwa 1, jozi ipo. Likiwa 2 au zaidi, mtu kaandikwa zaidi ya mara moja. Likiwa 0, usilipe. Tunarudia: usilipe.

Wapo wanaosema VLOOKUP inawatosha. Haitoshi: huleta akaunti ya kwanza inayoikuta, na mwanachama mwenye akaunti mbili ataonekana ana moja, kisha kazi ya kulinganisha inabaki kwa macho. (Anayepaka mistari rangi hadi usiku hajahakiki, kachoka tu.) Wengine wanalalamika kwamba fomula hukataa watu halali. Ni kweli hutokea, hasa nafasi tupu ikibaki baada ya tarakimu ya mwisho, nayo haionekani. Dawa yake ni kusafisha pande zote mbili kwa TRIM kabla ya kuhakiki, wala si kuiacha fomula.

Nani anaidhinisha malipo, someni masharti ya chama chenu. Ila 0 iliyobaki baada ya kusafisha karani asiirekebishe kwa kunakili akaunti kutoka daftarini: huenda daftari ndilo lenye kosa. Mkulima aitwe, aje na kitambulisho na kadi ya benki, na marekebisho yasainiwe na watu wawili.