Fidia kwa Majeruhi wa Ukatili na Nafasi ya Maandishi ya Mganga

Mtu anapokatwa panga na wanyang'anyi, gharama huanza kuhesabika kabla damu haijakauka. Kuna nauli ya kufika hospitali, kuna nyuzi, dawa na picha ya mionzi, kisha hufuata wiki au miezi ambamo mkono hauzalishi kitu. Swali la nani abebe mzigo huo ni la kisheria. Hata hivyo, jibu lake hutegemea sana yale yaliyoandikwa na mganga siku majeruhi alipofikishwa kwake.

Fikra ya kwamba dola yenyewe imfidie majeruhi ilipiganiwa nchini Uingereza katika miaka ya 1950 na Margery Fry, mtetezi wa mageuzi ya magereza. Fry alitumia mfano wa mtu aliyepofushwa kwa kipigo, ambaye mwaka 1951 alipewa haki ya kulipwa pauni 11,500. Washambuliaji wake wawili waliamriwa kutoa shilingi tano kila mmoja kwa wiki. Kwa kasi hiyo, kipofu huyo angehitaji kuishi miaka mingine 442 ili apokee malipo ya mwisho. Hesabu hiyo fupi ilieleza udhaifu wa kumtegemea mkosaji kuliko hotuba yoyote: mkosaji mara nyingi ni fukara, yuko kifungoni, au hakukamatwa kabisa.

New Zealand ilitunga sheria ya fidia mwaka 1963 na kuanza kuitekeleza mwaka 1964. Uingereza ikafuata mwaka huohuo. Tangu mwaka 1974, New Zealand imeunganisha fidia hiyo na mpango wake wa ajali zote, hivyo aliyevunjwa mguu kwa rungu na aliyevunjwa kwa gari huhudumiwa na chombo kimoja. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha tamko kuhusu haki za waathirika wa uhalifu, likizitaka serikali zijitahidi kulipa pale fidia isipopatikana kikamilifu kwa mkosaji, hasa kwa walioumia vibaya mwilini au walioharibikiwa afya ya akili.

Mpango wa Uingereza unafaa kuchunguzwa na mganga yeyote, kwa kuwa umeugeuza uchunguzi wa kitabibu kuwa fedha waziwazi. Si lazima mkosaji atiwe hatiani, wala hata ajulikane, lakini tukio lazima liripotiwe polisi na kwa kawaida maombi yafikishwe ndani ya miaka miwili. Jedwali la viwango huanzia pauni 1,000 na kufikia pauni 250,000 kwa jeraha zito kabisa, na malipo yote kwa pamoja hayavuki pauni 500,000. Mwenye majeraha kadhaa hulipwa kiwango kamili kwa lile kubwa, asilimia 30 kwa la pili na asilimia 15 kwa la tatu. Maradhi ya akili hufidiwa yakiwa yamemlemaza mtu kwa wiki sita au zaidi na yamethibitishwa na bingwa. Jeraha lisiloandikwa halina mstari katika jedwali, hata liwe na maumivu kiasi gani.

Afrika Mashariki hali ni tofauti. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa mwaka 2014, ikaanzisha bodi na mfuko. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo, kwa sheria ya Desemba 2022, ilianzisha mfuko wa kuwafidia walioathirika kwa ukatili wa kingono unaohusiana na vita. Tanzania, kwa majeruhi wa ukatili wa kawaida, njia kuu ni amri ya mahakama dhidi ya mkosaji. Katika kosa la kubaka, Kanuni ya Adhabu inaitaka mahakama iamuru fidia pamoja na kifungo. Huko ni kurudi kwa shilingi tano za Fry, lakini kwa sasa ndiyo njia iliyopo, na mlango wake ni Fomu ya Polisi Namba 3, ile PF3 iliyozoeleka.

Lipo jambo linalopaswa kutangulia karatasi. Matibabu ya dharura hayapaswi kungoja fomu. Aliyebakwa anahitaji dawa kinga dhidi ya VVU ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku tano. Anayerudishwa kituoni akatafute fomu kwanza anaweza kuupoteza muda huo bila namna ya kuurejesha.

Kasoro kubwa ya maandishi mengi ni ufupi. "Ana jeraha mkononi" ni maneno yasiyomsaidia hakimu wala mgonjwa. Jeraha la kukatwa na chuma chenye makali lina kingo nyoofu. La kupasuka kwa rungu lina kingo zisizo sawa, na nyuzi za tishu huonekana zikivuka ndani yake. Tofauti hiyo inaweza kuunga mkono maelezo ya majeruhi au kuyapinga. Urefu wa kidonda upimwe kwa sentimita, mahali pake patajwe, upande wa kulia au kushoto usisahaulike, na mchoro uwekwe. Rangi ya mchubuko isitumiwe kutaja siku ya tukio, kwani haitoi tarehe ya kuaminika.

Kasoro ya pili haionekani siku ya kwanza. Chukulia dereva wa bodaboda aliyejikinga kwa kiganja dhidi ya panga: kidonda chaweza kushonwa vizuri na kupona huku kano ya kidole ikiwa imekatika, na kidole kisikunje tena breki. Kifafa kinachotokana na jeraha la kichwa chaweza kujitokeza miezi au miaka baadaye. Ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe hauwezi hata kutajwa kabla dalili hazijadumu zaidi ya mwezi. Fomu iliyojazwa usiku wa tukio na kufungwa hapo huyaacha madhara haya nje ya kesi.

Kwa hiyo mganga makini humpangia majeruhi kurudi, walau baada ya wiki sita, na kuandika upya uwezo wa kiungo, usingizi, hofu na siku za kazi zilizopotea. Naye majeruhi atunze kadi ya kliniki, risiti za dawa na nauli, na nakala ya fomu kabla hajairudisha polisi. Mganga akiitwa mahakamani afike, kwa sababu mshtakiwa ana haki ya kutaka aliyeijaza fomu aje kuhojiwa, na kutokufika kwake kwaweza kuudhoofisha ushahidi ambao mgonjwa hana mwingine.