Skrini Mbili, Meza Moja: Raha ya Kufanyia Kazi Nyumbani Machakos

Umekwepa msongamano wa Mlolongo, kodi ya nyumba imeshuka, na chai unajipikia mwenyewe. Hongera! Ila kazi yote bado umeibana kwenye laptopu ya inchi 14, fungua hiki, funga kile, kutwa nzima. Ongeza skrini ya pili uone utakavyopumua.

1. Iazime runinga kwanza
Mradi iwe na tundu la HDMI, runinga ya sebuleni inatosha kwa majaribio. Chomeka waya, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua Extend. Ukichagua Duplicate utaona kitu kilekile mara mbili, uanze kumlaumu aliyekuuzia waya. Watoto wakirudi kutoka shule, bila shaka, mkopo umekwisha.

2. Mtumba ruksa, macho wazi
Umeamua kununua? Monita ya inchi 22 au 24 iliyokwisha kutumika inafaa kabisa, uipate mjini au ushuke Luthuli Avenue, Nairobi. Usilipe kabla haijawashwa mbele yako. Fungua ukurasa mweupe mtupu usake madoa meusi, halafu mweusi usake vidoa vinavyong'aa. Geuza nyuma: ukikuta tundu la VGA peke yake, hapo una sababu nzuri ya kushusha bei. Na ujue laptopu yako inakubali skrini ngapi. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020, kwa mfano, imeundwa kwa monita moja tu ya nje.

3. Shingo ni yako, itunze
Unayoitazama zaidi iwe mbele ya pua yako, ukingo wake wa juu usawa wa macho. Nyingine ikae kando, imeinama kidogo kukuelekea. Imekaa chini mno? Vile vitabu vya marudio ya KCSE vimepata kazi.

4. Panga na ndani ya kompyuta
Kipanya kinagonga ukuta pasipo na ukuta? Nenda kwenye mipangilio ya skrini, uvivute vile visanduku vifanane na meza yako. Kisha zoea Windows, Shift na kishale: dirisha linaruka upande wa pili lenyewe. Tamu hiyo!

5. Jua la Ukambani halibembelezwi
Dirisha la nyumba likiwa mgongoni, skrini inageuka kioo. Likiwa nyuma ya skrini, unakodoa macho. Weka meza dirisha liwe ubavuni. Kila baada ya dakika 20, tazama mbali kwa sekunde 20. Ukibahatika kuona vilima vya Iveti, una haki ya kuzidisha.

6. Stima ikipotea
Laptopu ina betri yake, kwa hiyo usiichomeke kwenye UPS. Ziachie nafasi hiyo ruta na monita. Giza likizidi kukaa, zima monita, intaneti iendelee kudumu.

7. Kwenye Zoom, onyesha dirisha moja
Mkutano uweke kwenye skrini yenye kamera, usije ukaonekana umewanunia wenzako. Ukitakiwa kuonyesha kazi, chagua dirisha husika, si skrini nzima. Bosi hana haja ya kujua nani hajalipa chama mwezi huu.