KUTWALIWA KWA BOGORO
Somo juu ya vita vya kabila na dhamana ya kila mtu



Katika darsa hii tumekusudia kueleza khabari za kutwaliwa kwa Bogoro, mji mdogo ulio juu ya vilima vya Ituri, mashariki ya Kongo, ambao ulivamiwa alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003. Pengine atatokea mwenye kuuliza: sisi watu wa Eldoret tuna nini na Bogoro? Jawabu la kwanza ni jepesi. Barabara ipitayo katikati ya mji wetu, ichukuayo mafuta na saruji na nguo kutoka Mombasa, haiishii Malaba. Huvuka Uganda ikafika Bunia, na kutoka Bunia hadi Bogoro ni mwendo wa kilomita 25 hivi. Jawabu la pili ni zito zaidi. Maradhi yaliyoiangamiza Bogoro ni yaleyale yaliyotokea kwetu Januari 2008, na wazee wamesema ya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Swali letu ni moja tu. Mji unapotwaliwa katika vita vya kabila, ni nani aliyeutwaa? Je, ni yule aliyeingia na panga peke yake, au wako na wengine ambao siku ile hawakuonekana?

MAHALI PENYEWE

Bogoro iko katika wilaya ya Irumu, juu ya nyanda za vilima, kabla barabara haijateremka kwenda Kasenyi ukingoni mwa Ziwa Albert. Hapo njia ya Bunia na ya ziwani hukutana na njia ya kusini iendayo Gety, katika nchi ya Walendu-Bindi wakaako Wangiti, ambao ni ndugu wa Walendu. Wakaazi wa Bogoro wengi wao walikuwa Wahema. Basi aliyeishika Bogoro aliweza kuwafungia wengine njia ya samaki wa ziwani, njia ya soko la Bunia, na njia ya kupitishia askari.

Kwa sababu hiyo jeshi la UPC, lililoongozwa na Thomas Lubanga na kutegemea Wahema, liliweka kambi katikati ya mji, penye skuli. Tulishike neno hili vizuri, kwani tutalihitaji mbele: kambi ya askari na nyumba za raia zilikuwa mahali pamoja.

CHANZO CHA VITA

Mtu akisikia "vita vya Wahema na Walendu" hudhani ya kuwa watu hawa ni maadui wa tangu na tangu. Sivyo. Walikaa pamoja vizazi vingi, huyu mfugaji na yule mkulima, wakioana na kuuziana. Na Wahema wa kaskazini hata lugha wasemayo nyumbani ni Kilendu. Ugomvi mkubwa uliingia kwa mlango wa ardhi. Wabelgiji katika utawala wao waliwapendelea Wahema kwa elimu na vyeo. Walipoondoka, mashamba mengi makubwa yakaangukia mikononi mwa matajiri wachache wa Kihema, na sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ikamwezesha mwenye fedha na mwenye kujua maafisini kununua ardhi ambayo wengine walikuwa wakiilima.

Mwaka 1999 ugomvi wa mashamba katika wilaya ya Djugu uligeuka kuwa vita. Ituri wakati huo ilikuwa chini ya jeshi la Uganda, na wakubwa wa jeshi lile waliunga mkono leo upande huu na kesho upande ule, huku dhahabu na mbao zikitoka. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda kuwa imevunja sheria kwa mambo yake katika Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru kulipa dola milioni 325.

Agosti 2002 UPC waliutwaa mji wa Bunia. Mwisho wa mwezi ule Songolo, mahali pa Wangiti, palishambuliwa. Tarehe 5 Septemba ikalipiziwa Nyankunde, wakauawa hata wagonjwa waliokuwa vitandani hospitalini. Novemba UPC wakaingia Mongbwalu, penye dhahabu, na huko waliouawa ni Walendu. Kila upande ulikuwa na maiti wake wa kuwaonyesha, na kila maiti akawa hoja ya kuua mwingine. Kutoka 1999 hadi 2003 inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 50,000 walikufa katika Ituri.

SIKU YA BOGORO

Washambuliaji, Wangiti wa Walendu-Bindi pamoja na Walendu wa upande wa Zumbe, waliuzingira mji watu wakiwa bado wamelala. Wengine walikuwa na bunduki, wengine mapanga na mikuki. Askari wa UPC walipigana kitambo, risasi zikawaishia, wakavunja safu na kukimbilia upande wa mlima Waka. Kwa kanuni ya vita, kazi ilikuwa imekwisha hapo: ngome imeanguka, njia imefunguka, adui amekimbia.

Lakini mauaji hayakwisha. Raia wengi waliposikia bunduki walikimbilia kambini kwenye skuli, wakitaraji ulinzi. Askari walipokwenda zao, watu hao walibaki mikononi mwa washambuliaji. Wengine waliuawa majumbani, wengine vichakani walikojificha. Wako walionusurika ambao walieleza mahakamani ya kwamba iliwabidi kuficha kabila lao ili waishi. Na tulifikiri jambo hili: mwanamke kuulizwa jina la kabila lake, na jawabu lake ndilo liamue kama atauona mchana! Kisha mabati yakang'olewa mapaani, mifugo ikaswagwa, nyumba zikachomwa moto.

Na faida ya ushindi ilikuwa nini? Tarehe 6 Machi 2003 UPC walifukuzwa Bunia na jeshi la Uganda likisaidiwa na wapiganaji wa Kilendu na Kingiti. Mwezi wa Mei Waganda wakaondoka, na baada ya siku chache UPC wakairudia Bunia tena. Juni ikabidi majeshi ya Ulaya yaliyoongozwa na Ufaransa yaje kuulinda mji. Hivyo katika miezi minne tu kila aliyejidai kushinda alishindwa, na wenyeji wa Bogoro wakawa wametawanyika Bunia, Kasenyi na kwingineko, bila paa juu ya vichwa vyao.

HUKUMU

Watu wawili walipelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, kwa khabari ya Bogoro. Mathieu Ngudjolo Chui aliachiliwa tarehe 18 Desemba 2012, kwa kuwa ushahidi juu yake haukutosha. Germain Katanga, aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu siku ya shambulio, alitiwa hatiani tarehe 7 Machi 2014, hakimu mmoja kati ya watatu akipinga, na tarehe 23 Mei akapewa kifungo cha miaka 12.

Msomaji asipite hapa upesi. Katanga hakuhukumiwa kwa kumuua mtu kwa mkono wake. Mashtaka ya ubakaji na ya kutumia watoto vitani hayakuthibitika juu yake. Alilotiwa nalo hatiani ni kusaidia: silaha zilitoka Beni kwa ndege, zikateremshwa Aveba kwenye makao yake, naye akazipokea, akaziweka, na akazigawa, hali ya kuwa anajua nia ya kundi lile juu ya Wahema wa Bogoro. Mahakama iliona kwamba nia hiyo haikuwa kuwatoa askari peke yao, bali kuwafuta na raia pia. Upande wa mashtaka ulidai waliokufa ni 200 hivi; mahakimu walithibitisha wasiopungua 60, na wasiopungua 30 miongoni mwao walikuwa raia.

Tarehe 24 Machi 2017 mahakama iliamua kuwa waathiriwa 297 wanastahili fidia: dola 250 kila mmoja kama alama tu ya madhara yaliyowapata, pamoja na misaada ya makaazi, masomo ya watoto na kazi za kujipatia riziki. Mtu aliyepoteza mama yake na ng'ombe wake na nyumba yake akahesabiwa dola 250 mkononi; hatusemi hivi kwa kuidharau mahakama, bali kuonyesha ya kwamba hakuna duniani mizani iwezayo kulipa kitu kile.

Na wale wa upande wa pili? Lubanga wa UPC alitiwa hatiani mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto jeshini. Bosco Ntaganda, naye wa UPC, alitiwa hatiani tarehe 8 Julai 2019 na kufungwa miaka 30, kwa makosa ambayo ndani yake mlikuwa na mauaji ya Walendu katika Mongbwalu na Kobu. Mauaji ya Kobu yalikuwa mwezi uleule wa Februari 2003 ulioangukia Bogoro.

MAFUNZO

La kwanza. Kilima hakina kabila. Ngome yaweza kutwaliwa na watu wakasalimika, lakini hilo huwezekana pale tu mpiganaji anapoweza kutofautisha kati ya mwenye bunduki na mwenye mtoto mgongoni. Vita vya kabila hufuta tofauti hiyo kwa makusudi; humfanya mtoto kuwa askari kwa sababu ya jina alilozaliwa nalo. Ndiyo maana kambi ilipoanguka mauaji hayakukoma: katika fikira za waliovamia, mji mzima ulikuwa kambi.

La pili. Kabila halipandishwi kizimbani. Mahakama haikuwahukumu Walendu wala Wahema. Iliita watu kwa majina yao, mmoja mmoja, ikapima kitendo cha kila mmoja, na aliyekosekana ushahidi juu yake akaenda zake. Nasi ambao tangu chuoni tumefundishwa ya kuwa mtu habebeshwi dhambi ya mwenziwe, na ya kuwa asabiya ni mwendo wa ujinga, ingetustahili tuwe wa mbele katika kulishika hili, siyo tulisikie kutoka The Hague kana kwamba ni khabari mpya.

La tatu, nalo ndilo jawabu la swali letu. Mji hutwaliwa na wengi. Yuko aliyeleta bunduki, yuko aliyezihifadhi, yuko aliyechanga fedha, yuko aliyetoa gari, yuko aliyeonyesha nyumba, na yuko aliyekaa kitako akatia maneno ya chuki vijana wakayabeba. Katika hao, mwenye panga ni wa mwisho. Asiseme mtu, "Mimi sikuua," akadhani ameokoka. Aulizwe alipitisha nini mkononi mwake.

NA SISI HAPA?

Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, nayo iko juu ya nyanda na juu ya njia, na chanzo cha ugomvi wake pia ni ardhi. Mababu zetu waliijua kwa jina la Sisibo, kutokana na nambari ya shamba la walowezi, shamba 64. Walowezi hao walikuja mwanzoni mwa karne ya ishirini, na ardhi wakaikuta si tupu. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi yaliuzwa kwa makampuni na vyama vya kununua ardhi, na watu wa sehemu nyingine wakahamia kwa haki ya ununuzi, huku waliokuwepo wakidai haki ya asili. Haki mbili zikakutana katika shamba moja, na wanasiasa wakaona hapo pana kuni kavu.

Mapigano ya mwaka 1992 yaliifikia Burnt Forest, na ya 2008 yakaifikia tena. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji wetu, lilitiwa moto na ndani mna watu waliokimbilia usalama, wengi wao wanawake na watoto, kama vile wale wa Bogoro walivyokimbilia skuli. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo, hata Uganda na Rwanda zikakosa mafuta. Mwisho wa mwezi kisasi kikashuka Nakuru na Naivasha, juu ya watu ambao Kiambaa hawakupata kuiona kwa macho. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchini kuwa 1,133, na waliohama makwao walikuwa mamia ya maelfu. Uwanja wetu wa maonyesho ukajaa mahema.

Kesi ya The Hague iliyohusu mambo ya huku ilisimamishwa tarehe 5 Aprili 2016, bila mtu kutiwa hatiani wala kusafishwa. Kwa hiyo swali la Bogoro lilipata jawabu japo dogo, na la kwetu likabaki wazi. Mahakama iliponyamaza, hesabu haikufutika. Imerudi kwa kila mmoja wetu. Mwenye lori ajiulize siku zile lilipakia nini. Mwenye duka la mafuta ajiulize alimuuzia nani madebe usiku. Mzee ajiulize aliwaambia nini vijana waliokuja kutaka baraka zake. Na kijana ambaye mwaka ule hakuwa amezaliwa, naye leo ana simu mkononi, ajue ya kwamba neno alipelekalo kwa watu elfu ni mzigo aliougawa, kama silaha zilivyogawiwa Aveba.

MASWALI YA DARSA

1. Kwa nini mauaji ya Bogoro yaliendelea baada ya askari kukimbia?
2. Katanga alihukumiwa kwa kitendo gani, na hakuhukumiwa kwa kipi?
3. Ardhi ilikuwa na sehemu gani katika vita vya Ituri, na ina sehemu gani katika ugomvi wa Uasin Gishu?
4. Kila mmoja ataje kazi yake ya kila siku, kisha aeleze ni kwa njia gani kazi hiyo yaweza kutumiwa kuusaidia uovu, na atakataa vipi siku atakapoombwa.

Swali hili la nne lisirukwe. Ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Mwenyezi Mungu atupe nguvu ya kukataa mapema, kabla ya alfajiri ya namna ile kutufikia.