SOMO: MAVUNO HAYAISHII SHAMBANI

Lengo: Kila mwanakikundi ajue kupima kama mahindi yake yamekauka kabla ya kuyafungia ghalani.



Kule Trans Nzoia mahindi hupandwa Machi na Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, kiangazi kinapoingia. Wakati huo mashamba makubwa hujaa watu: hawa wanakata mabua na kuyasimamisha kwa mafungu, wale wanavunja mahindi, wengine wanapukuchua kwa mashine. Lakini mwenye shamba hajazi ghala kabla ya kupima unyevu. Anajua Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5.

Na sisi wa ekari moja je? Tunauma punje kwa meno, ikilia "ka!" basi tunasema imekauka. Tena tuna haraka: karo inangoja, na dalali yuko mlangoni.

Wengine husema, "Nikikausha sana, uzito unapotea." Ni kweli. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi 13.5, hubaki kama kilo 83. Lakini kilo 7 hizo ni maji, si chakula. Maji hayo ndiyo hualika kuvu, na kuvu huleta sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii huharibu ini. Haionekani kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua huko Ukambani na sehemu za jirani, na 125 wakafa. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu.

Jaribio la chumvi

1. Tafuta chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko.
2. Tia chumvi iliyoanikwa ikakauka vizuri, vijiko viwili au vitatu.
3. Ongeza mahindi hadi theluthi moja ya chupa. Funga.
4. Tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie dakika 15.
5. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15: rudisha mahindi juani. Isiponata, bado usifunge gunia. Anika siku moja au mbili zaidi, ili yashuke hadi 13.5.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Jioni funika. Ghalani panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zenye ukungu zitoe. Usimpe hata kuku au ng'ombe.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nini kinachotufanya tuuze au tufungie mahindi mabichi?
2. Je, kikundi kinaweza kuchanga kinunue turubai na kipima unyevu kimoja cha wote?
3. Nani atakikopesha kikundi hicho karo, ili mtu asiuze kabla ya wakati?

Mkutano ujao kila mmoja alete kikombe cha mahindi ya kwake. Tutayapima mbele ya wote.