Somo la Miche: Yicib, Kichaka cha Njugu Kinachostahili Kitalu Chake Eldas

Ndugu mkazi, waulize wazee wenye jamaa Mudug au Ogaden kuhusu yicib. Wengi watakuambia ni njugu tamu iliyowapa watu chakula wakati mvua ilipokosa na mifugo ikaisha. Vijana wengi wa hapa hawajawahi kuiona. Somo la toleo hili linaeleza kichaka hiki, na jinsi kikundi au shule inavyoweza kuanzisha kitalu cha kukihifadhi.

Yicib ni nini?

Ni kichaka cha jamii ya kunde, chenye mashina mengi yanayotoka chini, na majani yake hubaki mabichi hata kiangazi. Asili yake ni Somalia ya kati na eneo la Wasomali nchini Ethiopia. Jina lake la kisayansi, Cordeauxia edulis, lilitolewa mwaka 1907 kwa heshima ya Harry Cordeaux, aliyekuwa kamishna wa Waingereza huko Somaliland. Njugu yake ina wanga, sukari, protini na mafuta, na huliwa mbichi, ikiwa imechemshwa au kuchomwa. Majani ni malisho ya mbuzi na ngamia. Yana rangi nyekundu kali, kiasi kwamba mbuzi aliyeyala sana huonekana mifupa yake imegeuka rangi anapochinjwa.

Kwa nini kitalu?

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeiweka yicib katika orodha ya mimea iliyo hatarini. Sababu tunazijua: njugu zinaokotwa zote bila kuachwa za kuota, mifugo hula miche michanga, na matawi hukatwa kuni. Mbegu nayo haikai. Ikihifadhiwa miezi michache tu hupoteza uwezo wa kuota, na wadudu huitoboa. Kwa hiyo huwezi kuifungia ghalani ukasubiri. Njia ya uhakika ya kuitunza ni kuwa na mimea hai.

Kichaka hiki kilishawahi kupandwa kwa majaribio huko Voi, kwa hiyo si kigeni kabisa nchini Kenya.

Hatua za kufuata

*1. Pata mbegu kwa njia halali.* Mbegu ya kutoka nje ya nchi inahitaji kibali cha KEPHIS kabla haijaondoka ilikotoka. Usiivushe mpaka mfukoni. Tunakumbuka mathenge: ulipandwa kwa nia njema, lakini wakazi wa Baringo waliishia kwenda mahakamani kwa hasara uliyowaletea.

*2. Usinunue njugu ya sokoni ukaipanda.* Mara nyingi huwa imechemshwa au kuchomwa ili wadudu wafe. Hiyo ni ya kula, haitaota. Itafute mbegu ya msimu huu.

*3. Changanya mama.* Mkusanyiko mzuri hautoki kwenye kichaka kimoja. Omba mbegu za vichaka vingi vilivyo mbalimbali, na kila fungu lipewe namba. Andika daftarini lilikotoka, tarehe ya kuokotwa na ya kupandwa. Bila daftari, una miche tu, huna mkusanyiko.

*4. Tumia mifuko mirefu.* Yicib hupeleka mzizi mkuu chini kabla ya kurefuka juu. Mfuko mfupi huukunja mzizi, na mche hufa baada ya kuhamishwa. Tumia mfuko wa kina kisichopungua sentimita 30, wenye mchanga unaopitisha maji, na uuhamishe mche ungali mdogo. Au panda mbegu moja kwa moja shambani mvua ya Gu au Deyr inapoanza.

*5. Chagua udongo.* Hupenda mchanga mwekundu wenye kina, na hauvumilii maji yaliyotuama. Chimba shimo kwanza. Ukikuta mwamba wa chokaa karibu, kama ilivyo pale Wajir mjini, tafuta mahali pengine.

*6. Zungushia ua wa miiba.* Mbuzi mmoja anaweza kumaliza kazi ya mwaka kwa asubuhi moja. Usitarajie njugu kabla ya miaka mitatu, na katika mazao ya kwanza acha sehemu kwa ajili ya mbegu.

Anza na ulicho nacho

Usisubiri yicib ifike ndipo ujifunze. Vipo vichaka vya kwetu ambavyo navyo vimesahaulika kitaluni: caday tunayopigia mswaki, mareer na dhafaruur ambazo watoto hula matunda yake malishoni. Tumia hatua zile zile: mama wengi, daftari, ua. Kikundi kitakachoikuza mareer kutoka mbegu hadi kichaka kitakuwa tayari kukabidhiwa mbegu adimu zaidi.

Kwa ushauri, mwone afisa wa kilimo au wa misitu aliye karibu nawe, na uwashirikishe wazee. Wao ndio wanaojua majina ya mimea na mahali ilipokuwa ikiota zamani. Maarifa hayo nayo yaandikwe katika daftari lile lile, wangali nasi.